Mpangaji wa jumba kongwe apewe na paa lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu majumba ya Serikali ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yanayotafutiwa matumizi mapya.

Anayeshuka boti Malindi akashika njia ya Mizingani hulipita jumba la Dispensari, lile lenye roshani za mbao za nakshi. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala. Alikusudia hospitali ya hisani. Alifariki mwaka 1891, jumba halijaisha. Baadaye wenyewe wapya wakaweka dispensari chini na makaazi ya kupangisha juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaingia mikononi mwa Serikali, likachakaa kwa miaka mingi, hadi Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ilipolikarabati na kulifungua miaka ya 1990 kama kituo cha utamaduni.

Tunaambiwa nyumba isiyokaliwa hufa. Ni kweli, lakini kukaliwa peke yake hakutoshi. Beit al-Ajaib, kasri la zamani la Sultani, ilikuwa makumbusho, wageni wanaingia na kutoka, huku jengo likidhoofika. Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka ukarabati ukiwa umeshaanza, na watu wawili wakafa.

Majumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Mfereji wa paa ukiziba, maji ya masika huteremka ndani ya ukuta, chokaa hulainika, na boriti huoza kwenye ncha, pale ilipochomekwa ukutani, ambapo hakuna anayeiona. Mpangaji akipaka saruji kuficha ufa, anaufungia unyevu ndani.

Kwa hiyo naiomba Serikali, pamoja na Mamlaka ya Mji Mkongwe: kila mkataba, uwe wa hoteli, ofisi au duka, utaje nani anazibua mifereji kabla ya masika na nani anakagua boriti. Sehemu ya kodi ibaki kwa matengenezo ya jumba hilohilo, isipelekwe kwingine. Na mafundi wa chokaa tulionao wapewe vijana wa kuwafundisha, kazi hiyo ilipwe kama ufundi mwingine wowote.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Zanzibar