Taa ya tairi kuzimika si kupona

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua niseme na madereva wenzangu, hasa wenye magari ya siku hizi yenye ile taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati, inayoonya kwamba upepo wa tairi umepungua.

Kazi yangu ni ya kushinda barabarani. Gari langu lilipoanza kuwasha taa hiyo alfajiri nilishtuka, nikaondoka taratibu, na baada ya robo saa ikazimika yenyewe. Kesho yake ikawa vilevile. Nikamuuliza fundi wa matairi, naye akanijibu bila hata kuinama: “Hiyo ni baridi ya asubuhi tu. Ikizimika ujue hakuna shida.” Nikamwamini. Wiki tatu ikawa inawaka na kuzimika, mpaka siku tairi la nyuma kushoto lilipopasuka nikiwa barabara kuu, mama yangu amekaa nyuma.

Hatukuumia, namshukuru Mungu. Lakini fundi mwingine alipolitoa lile tairi kwenye rimu, aliliinamisha akanimwagia kiganjani unga mweusi, laini kama masizi. “Huu ni mpira wa tairi lako,” akasema. “Limejisaga lenyewe kwa ndani.” Nikapitisha kidole ubavuni kwa ndani, nikagusa mchubuko uliozunguka tairi zima, nyuzi zimeanza kutokeza. Lile halikuwa jeraha la siku moja. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika ubavu kila linapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto. Joto ndilo linalochosha mpira na nyuzi hadi viachane. Kwa nje tairi langu lilikuwa bado na kashata nzuri kabisa, yaani yale meno yanayoshika barabara.

Basi nikakaa na kitabu cha gari, nikaelewa nilichopaswa kuelewa mapema. Gari langu linataka psi 32 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Kanuni ya Marekani, iliyoyabana magari madogo yote mapya ya huko tangu Septemba 2007, inataka taa iwake upepo unaposhuka asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Kwa psi 32, hiyo ni psi 24! Kwa hiyo tairi lenye 27 linatembea na njaa na taa iko kimya. Na ule mchezo wa alfajiri nao una maelezo: joto la hewa likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo wa tairi hupungua karibu psi 2. Tairi langu lilikuwa pale pale mpakani. Baridi ikilisukuma chini ya 24, taa inawaka. Nikitembea kidogo linapata moto, upepo unapanda, taa inazimika. Hakuna kilichopona. Joto lilikuwa linaficha upungufu.

Kitabu chenyewe kinasema wazi kwamba mfumo huu hauchukui nafasi ya kupima kwa geji, na ni juu ya dereva kupima. Nimeuliza wenzangu kazini, wengi hawajui hata kibandiko cha upepo kilipo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango. Hapo utakuta kiwango cha mbele na cha nyuma, mara nyingi na cha gari likibeba mzigo. Namba kubwa ya upepo iliyochongwa ubavuni mwa tairi si ya kujazia. Hiyo ni mwisho wa uwezo wa tairi. Nimeshuhudia mafundi wakiifuata hiyo, na wengine wakijaza kwa kupiga teke na kusikiliza. Nawaomba kwa heshima: mtu akiingia na gari, fungueni mlango msome, au mwulizeni.

Kupima ni asubuhi kabla ya kuondoka, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Ukipima tairi la moto geji itasoma juu, na ukipunguza upepo hapo, likipoa litakuwa chini ya kiwango. Mimi napima mara moja kwa mwezi, kwa sababu hata tairi zima lisilo na pancha hupoteza psi 1 hivi kila mwezi.

Kuna jambo linanitia wasiwasi zaidi. Gari la mdogo wangu halina vihisi vya kupima upepo ndani ya magurudumu. Linatumia vihisi vya breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu yasijifunge) kulinganisha mizunguko, maana tairi lililopungua upepo huwa dogo kidogo na huzunguka haraka kuliko wenzake. Mfumo wa namna hiyo una kitufe cha kuufundisha upya, nacho hubonyezwa baada ya kujaza upepo sawasawa. Yeye alikuwa akikibonyeza kila taa inapowaka, ili izimike. Yaani alikuwa akilifundisha gari kwamba tairi lililolegea ndilo la kawaida. Na matairi yote manne yakishuka pamoja, mifumo mingi ya aina hiyo haina cha kulinganisha. Kwa wenye vihisi ndani ya magurudumu, taa ikimetameta kama dakika moja halafu ikabaki inawaka, mara nyingi mfumo wenyewe ndio mbovu, pengine betri ya kihisi imekwisha baada ya miaka yake mitano hadi kumi. Hapo gari halikulindi tena, hata kama upepo uko sawa.

Siku ile ya pancha nilifungua buti nitoe tairi la akiba, lile jembamba la muda. Hilo linatakiwa kujazwa psi 60. Nililibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea. Halikuwa na kihisi, na mimi sikuwa nimelipima tangu ninunue gari. Tulikaa kando ya barabara, mama amejifunika khanga kichwani kwa jua, mpaka dereva mmoja mwenye pampu aliposimama kutusaidia.

Dereva na msomaji wenu wa kila siku