Kabla hujaagiza kabati la milango minne, tandika kanga chini kwanza

Wiki haiishi bila meseji ya namna hii kuingia kwenye simu ya karakana: "Fundi mambo, nataka kabati la milango minne na dresing tebo yake, utanifanyia bei gani?" Nikiuliza chumba kina ukubwa gani naambiwa cha kawaida tu. Sasa cha kawaida kwa Dar hii ni kipi jamani, kuna cha kawaida cha Mbezi Beach na kuna cha kawaida cha Manzese, na wengi wanaotuandikia wako kwenye chumba na sebule au apatimenti ya vyumba viwili, kimoja cha baba na mama futi 10 kwa 10, cha pili kidogo zaidi kinaitwa cha watoto ila ukifungua mlango unakuta mabegi, feni mbovu, madumu na gunia la mchele lililotumwa kutoka Mbeya.

Nataka niseme kitu ambacho mfanyabiashara hatakiwi kusema. Wengi mnaolalamika nyumba ni ndogo, tatizo siyo nyumba, tatizo vitu mlivyonavyo mlivinunua kwa ajili ya nyumba ambayo bado hamjaijenga. Kiwanja kipo Chanika au Kigamboni, tofali zimeshafyatuliwa, basi zamu yako ya mchezo wa kupeana hela ikifika unasema acha nichukue sofa kubwa kabisa ili nikihamia kwangu nisihangaike, afu hilo sofa la Chanika linaishi Tabata miaka sita, watoto wawili wamelirukia mpaka sponji imebonyea, na siku ya kuhamia unaona aibu kulipakia kwenye kirikuu. Nyumba ya kupanga inataka vitu vya nyumba ya kupanga.

Na siwasemi kwa kuwacheka, mi mwenyewe nimefanya hivyo hivyo na ni fundi. Nilivyooa nikajitengenezea kitanda cha 6 kwa 6 cha mninga, kichwa kirefu, nimekichonga maua, nikakiingiza kwenye chumba cha futi 10. Hesabu ni ya darasa la tatu tu: futi 10 toa 6 za kitanda, toa 2 za kabati, zinabaki 2, na hapo hujahesabu mbao za pembeni za kitanda zenyewe. Tulikuwa tunapita kiubavu ubavu kama tuko kwenye daladala ya Mbagala. Mtoto alivyoanza kutambaa hakuna sehemu ya kumweka zaidi ya kitandani, na mtoto wa kitandani anaanguka, ni suala la siku tu.

Mama watoto ndo akaleta kipimo ambacho mpaka leo tunakitumia kwa wateja. Alichukua doti ya kanga akanambia, zitandike zote mbili chini, wazi, kwa kulingana, bila kukunja, mahali popote ndani ya hii nyumba. Nikazunguka nyumba nzima nikakosa. Kanga moja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, mbili pamoja hazifiki hata mita za mraba 4, na hatukuwa nazo! Sasa mteja akituita kwenda kupima kwake tunaanzia hapo, doti moja ya sakafu isiyoguswa na kitu chochote, hapo ndo mtoto atatambaa, atacheza, mtakula, mgeni atalala. Hiyo ikishapatikana ndo tunaongea kabati.

Kwa hiyo tulianza na kitanda. Nilikiuza kile cha maua (kiliniuma, sitaki kukiongelea sana) nikatengeneza 5 kwa 6. Futi moja tu imepungua lakini futi moja kwenye njia ya futi mbili ni nusu ya njia. Kisha kabati. Kabati la dukani lina kina cha sentimita 60 kwa sababu nguo zinaning'inizwa kwenye henga na henga inataka upana huo. Haya niambie, kwenu nguo za kuning'iniza ziko ngapi? Suti ya baba moja, mashati ya kazini, magauni matatu ya harusi. Vitenge vinakunjwa, kanga zinakunjwa, mashuka, nguo za mtoto zote zinakunjwa. Sisi tunatengeneza kabati lenye kina cha sentimita 40 la kukunjia, linapanda mpaka dari, na kipande kimoja kidogo pembeni cha kuning'iniza ambacho nguo zinaangalia mbele badala ya ubavu. Unarudisha sentimita 20, na ukijumlisha na futi ya kitanda, ile njia ya futi 2 inakaribia futi 4. Chumba ni kilekile, kodi ileile.

Kupanda mpaka dari ni lazima kwa sababu juu ya makabati ya kawaida ndo makao makuu ya masanduku na vumbi. Vile ambavyo huvigusi mpaka Idi au Krismasi ndo vinakaa juu kule.

Afu kuna uvungu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji hawezi kuinama, kwa hiyo droo. Tatizo la droo ni kwamba inataka nafasi ya kufungukia, ukiwa na njia ya futi 2 droo inagonga kabati, hapo tunaweka za upande wa miguuni au tunanyanyua kitanda tu kwa inchi kadhaa na kuweka masanduku ya magurudumu unayavuta. Vile vitanda vya kunyanyua godoro juu vinapendeza kwenye video ila kwa nyumba yenye mtoto mdogo mi sivipendi, vidole. Na chochote utakachoweka chini, acha chaga zenye nafasi kati yake, usikubali fundi akupigie bodi nzima chini ya godoro eti ni imara zaidi, kwa joto na unyevu wa huku pwani godoro linakosa hewa linaota ukungu kwa chini, na ukijumlisha na mtoto anayekojoa kitandani ndo kabisa.

Dabo deka. Hii nitaongea kidogo kwa ukali. Watu wanaipenda kwa sababu inalaza wawili kwenye nafasi ya mmoja na ni kweli, ni kitu kizuri sana kwa chumba cha watoto. Ila mtoto chini ya miaka 6 halali juu, hata akilia. Ukingo wa juu uwe pande zote mbili hata upande wa ukutani, na uzidi godoro kwa angalau inchi 5, sasa watu wanafanya nini, tunawapimia ukingo kwa godoro la inchi 4, wakifika nyumbani wanaweka la inchi 8 walilopewa na shangazi, ukingo umezama, mtoto analala kama yuko juu ya meza. Na feni! Angalia feni ya dari iko wapi kabla hujanunua dabo deka. Niliwahi kuingia nyumba moja Kimara nikakuta kitanda cha juu kiko chini ya mapanga ya feni, mtoto akisimama kuvaa shati yanamfikia kichwani. Baba mtu anasema "huwa tunaizima asubuhi." Tulisogeza kitanda siku ileile, sikumtoza hata mia.

Faida yake nyingine ambayo watu hawaisemi ni neti, wa chini neti yake unaifunga kwenye fremu ya kitanda cha juu inakaa mraba vizuri, wa juu ndo unamwekea ndoano za dari.

Sebule sasa, na hapa ndo kwenye kazi. Sebule ya familia changa mchana ni sebule, usiku ni chumba cha kulala, na hakuna duka la fanicha linalokubali ukweli huu, wote wanakuuzia seti ya tatu mbili moja na meza ya kioo. Anayelala sebuleni nani? Dada wa kazi. Au mdogo wako aliyekuja kutafuta chuo. Au mama mkwe aliyekuja kuogesha mtoto, amesema siku arobaini na sasa tuko mwezi wa nne, na hatumfukuzi kwa sababu bila yeye tungeshaumbuka. Huyu mtu godoro lake mchana linasimamishwa nyuma ya mlango, nguo zake ziko kwenye mfuko wa shangazi kaja, saa kumi na moja asubuhi baba akitoka kwenda kazini anamruka.

Kwa hiyo ushauri wetu kwenye sebule ndogo: toa seti, weka benchi moja refu la ukutani lenye upana wa futi 2 na nusu, mito ya kuegemea, chini lina sanduku. Mchana wanakaa watu wanne, usiku analala mtu mmoja mzima bila kukunja wala kuvuta chochote, mito inaingia ndani shuka linatoka. Sofa kitanda za kuvuta ni nzuri ila ukiivuta inakula ile doti yako yote, na vyuma vyake vikianza kulegea ni kelele usiku kucha. Juu ya benchi tunaweka reli ya pazia kwenye dari, pazia jepesi siyo ukuta wa plaiwudi, ukuta wa plaiwudi unakata upepo na mwezi wa pili hapa mjini bila upepo hulali. Na sanduku moja la benchi liwe la dada, na kufuli lake, funguo anakaa nayo yeye. Kuna mteja aliniuliza kufuli la nini, anaficha nini. Mama, huyu ndo anashinda na mwanao kutwa nzima, mpe hata futi mbili za kwake.

Meza ya dainingi mi naitoa bila kuuliza. Tandika mkeka, kuleni, kunja. Mwenye kuhitaji meza ya kazi au ya mtoto kufanyia homuweki tunamfungia ya kukunja ukutani, ikilala inatokeza kidogo tu kama kitabu.

Hapo kwenye ukuta, wapangaji wengi mnaogopa kutoboa. Ongea na mwenye nyumba mapema, mwambie ukihama utaziba matundu na kupiga rangi, wengi wanakubali ukiwaambia kabla. Gonga ukuta kwanza, ukilia kama ngoma ni jipsam, usining'inize kitu kizito hapo, ukiwa wa tofali tunaweka plagi na skrubu inashika, japo kuna tofali zingine mchanga mtupu, drili ikiingia inatoka na nusu ya ukuta. Ila kabati refu na dresa yenye droo LAZIMA zifungwe ukutani kama kuna mtoto, hili hatujadiliani. Mtoto anafungua droo zote anazigeuza ngazi na dresa inamlalia. Skrubu mbili na vyuma viwili vya pembe, dakika kumi. Kitanda cha kichanga nacho, kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 6, kipimo cha mtaani chukua kopo la soda, likipita katikati nafasi ni kubwa mno, kirudishe kwa fundi.

Jikoni kuna vitu viwili tu nitavisema. Mtungi wa gesi usiufungie ndani ya kabati lisilo na matundu, gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa inashuka chini, kwa hiyo matundu yawe chini kabisa ya kabati, na mtungi usimame, usilale. Na maji, kwa kuwa yanakatika wote tunaweka ndoo na mapipa, basi kila chombo kiwe na mfuniko unaobana, mtoto anayejifunza kusimama akitumbukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa, hata yakiwa maji kidogo.

Kuhusu mali ya kutengenezea, MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ni rahisi na inapendeza lakini ikinywa maji inavimba na hairudi, usiiweke jikoni wala karibu na mlango wa bafu wala ukuta wenye unyevu, kule weka marini bodi (plaiwudi inayovumilia maji) au mbao, na popote ulipo acha kabati mbali na ukuta sentimita 5 hewa ipite, lile la kufungwa ukutani vyuma vyake vya pembe viwe virefu vivuke hiyo nafasi. Na jamani usizibe dirisha na kabati, naona sana hii, mtu anaziba dirisha afu anaenda kununua feni ya pili na umeme wa LUKU unakimbia.

Ukitaka tuje kupima, ndani ya Dar hatutozi, nauli ya boda tu. Ukiwa mkoani tutumie picha za kona zote nne, urefu wa kila ukuta kwa sentimita, dirisha liko wapi na linaanzia juu kiasi gani, soketi, feni, mlango unafungukia upande gani, na upana wa mlango wenyewe pamoja na ngazi kama mnakaa ghorofani maana kabati zuri lililokwama ngazi ya pili tumeshakutana nalo. Tuambie pia wanaolala humo ni wangapi, wote, na wa sebuleni muhesabu. Tepu ya kupimia ni elfu chache tu hadwea yoyote, tafadhali msitupimie kwa hatua, mwezi uliopita mteja alipima kwa hatua za mume wake na mume wake ni mrefu.