Barua kwa mpwa wangu: irudishe ile 9.77

Mpwa wangu,

Ulinikubalia niyaandike haya hadharani ilimradi nisitaje jina lako wala la chuo chako. Ahadi hiyo naitunza. Lakini tangu Jumapili ile uliponipigia simu, mimi niko soko la samaki la Mwaloni nachagua sato wa mchana, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, ile namba niliibadilisha," sijatulia.

Ulipima graviti, yaani mvuto wa Dunia, ukapata 9.77 (mita kwa sekunde, kila sekunde). Ukaandika 9.81. Ukasema wenzako wote wana 9.81, na hukutaka kusimama peke yako kuulizwa umekosea wapi. Kupika data, kama mnavyosema wenyewe. Nimefundisha fizikia sekondari hapa Mwanza miaka mingi, na nimepitisha daftari nyingi zilizopikwa kwa sababu tu jibu lilifanana na la kitabuni. Kwa hiyo huenda umeyajifunza haya kwetu sisi walimu, na ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Ile 9.77 naijua ilivyopatikana. Nilikuwepo.

Ulikuja likizo na wazo la kupima graviti kwa pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi, nikakupa pagale langu la Igombe kwa sababu kenchi zake ziko juu na unaweza kuning'iniza uzi wa mita tatu. Fundi wangu akakuachia timazi yake, ule uzito wa kunyooshea kuta, siku nne nzima iwe ndiyo ya kubembea. Wewe ulishukuru ukaichukua, lakini mimi ndiye niliyemwona siku hizo nne akizunguka kwa mafundi wenzake kuazima nyingine kila anapoanza ukuta. Hakukudai hata soda.

Uzi ulitoka kwa babu jirani, yule Mkerewe aliyevua sangara ujana wake wote. Unakumbuka alivyokuzuia? Ulikuwa umeutandaza mshipi sakafuni unaupima kwa futi ya chuma, akakushika mkono: "Nailoni inavutika, mjukuu wangu. Ufunge kwanza, uubebeshe mzigo, uuache ulale hivyo usiku mmoja, ndipo uupime ukiwa umesimama." Asubuhi tukaupima tena ukiwa na timazi, tukakuta umeongezeka zaidi ya milimita kumi. Katika mita tatu, tofauti kati ya 9.77 na 9.81 ni kama milimita kumi na mbili tu. Yule mzee hajawahi kuingia maabara, na bila yeye kosa la uzi peke yake lingelingana karibu na tofauti hiyo yote.

Halafu upepo. Mchana ziwa linapumua kuelekea nchi kavu na pagale halina madirisha, kwa hiyo tukawa tunaamka saa kumi na moja alfajiri, maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria, taa za wavuvi wa dagaa bado zinaonekana kwa mbali. Ulibana kichwa cha uzi kati ya vipande viwili vya mbao ili usicheze, ukaivuta timazi kidogo tu, ukaiachia. Mimi nikashika simu yenye stopuwochi. Binti wa jirani, wa darasa la sita, akakaa chini na bakuli la maharage: kila bembea kumi, harage moja linahama.

Mara ya kwanza ulipata 9.98, ukanuna. Ukarudia, 9.98 tena. Ni yule mtoto aliyeuliza, tena kwa woga: "Kaka, mbona unasema moja wakati ndo kwanza umeiachia? Si haijaenda bado?" Tukatazamana. Ulikuwa unahesabu kuachia kama bembea ya kwanza, kwa hiyo bembea zako mia zilikuwa tisini na tisa. Mkaanza na sifuri. Namba ikashuka papo hapo.

Kutoka hapo ulifanya kazi ambayo mimi mwalimu wa fizikia nilijivunia. Ulibadilisha urefu mara sita, kila urefu ukaurudia mara tano, ukachora grafu ya mraba wa muda wa bembea moja dhidi ya urefu wa uzi, ukatafuta mteremko wa mstari wake, ambao ndio unaotoa graviti. Kwa njia hiyo hata kama hujui kitovu cha uzito wa timazi kiko wapi hasa, kosa hilo halimo kwenye mteremko. Ukapata 9.77, ukaandika pembeni kwamba inaweza kupanda au kushuka kwa 0.02.

Sasa sikiliza, maana hili ungeweza kumjibu mwalimu wako bila kutetemeka. Ile 9.81 ni namba ya London na Paris. Dunia haikuviringika sawasawa. Inazunguka na imevimba kiunoni, nusu kipenyo chake kwenye ikweta kimezidi cha kwenye ncha kwa kilomita 21 hivi. Kwenye ncha graviti ni 9.83, kwenye ikweta usawa wa bahari ni 9.78. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta, na uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, jambo linalopunguza tena kidogo. Ukipiga hesabu, Mwanza inapaswa kutoa kati ya 9.77 na 9.78. Ulikuwa sahihi, mjomba. Ulifuta jibu la kwenu ukaandika la Ulaya.

Na hukuwa wa kwanza kutiliwa shaka. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, nyuzi tano hivi kaskazini ya ikweta, akakuta saa yake ya pendulamu iliyorekebishwa vizuri Paris inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku. Ili iende sawa ilibidi aifupishe pendulamu kwa karibu milimita tatu. Walikuwepo wasomi waliodhani amepima ovyo. Yeye hakuirudisha ile milimita tatu ili awapendeze. Newton akaja kuitumia katika kitabu chake cha 1687 kueleza kwamba Dunia imebonyea nchani. Fikiria angepika.

Au uje karibu zaidi. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba hapa nchini kwetu, mwaka 1963 aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia wa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ulioingia bila kuchemshwa. Alichekwa darasani. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kumwagiza fundi wa maabara yake ajaribu. Fundi akarudi akasema kweli ya moto imetangulia kuganda, lakini wataendelea kurudia hadi wapate jibu lililo sahihi. Nikisoma hapo huwa nakuona wewe na kalamu yako. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kuhusu jambo lile, kama hutokea kila mara na kwa nini, lakini wanabishana kwa sababu kuna mtu aliandika alichokiona. Makala ilitoka 1969 ikiwa na majina mawili: la mhadhiri na la kijana.

Hapo kwenye majina ndipo panaponiuma kuliko hata ile namba. Nimeisoma ripoti yako yote. Umeandika "nilipima", "nilihesabu", "niligundua kwamba uzi huvutika". Babu hayumo. Mtoto hayumo. Fundi hayumo. Henry Cavendish, tajiri wa Kiingereza aliyeipima Dunia uzito kwa mizani ya uzi na mapira ya madini ya risasi, yale makubwa yakiwa na kilo 158 kila moja, alianza makala yake ya 1798 kwa kumtaja John Michell, mchungaji aliyebuni na kutengeneza kifaa kile akafariki 1793 kabla ya kukitumia. Angeweza kukaa kimya, marehemu asingelalamika. Akamweka mwanzoni kabisa.

Na ona kilichotokea ulipoibadilisha namba. Ulidhani unajiokoa wewe peke yako. Kumbe ule usiku uzi uliolala umebeba mzigo kwa ushauri wa babu, lile swali la mtoto, siku nne za fundi kutembeza mkono kuomba timazi, vyote ulivifuta kwa tarakimu mbili. Kwa 9.81 hakuna aliyehitaji kuamka alfajiri. Ipo kwenye jalada la ndani la kitabu.

Juzi yule binti alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwalimu, kaka alipata ngapi?" Nikamwambia 9.77. Akatabasamu, akarudia mwenyewe, tisa nukta saba saba, akaendelea na ndoo yake.

Umesema mna wiki mbili kabla ripoti hazijafungwa. Nenda kwa mwalimu wako, mwambie ukweli kabla hajauona mwenyewe, hata kama utakatwa alama. Rudisha namba, weka hesabu ya nyuzi zetu kutoka ikweta na ya kimo cha ziwa, kisha ukurasa wa mwanzo weka majina matatu. Unayajua, mimi siyaandiki hapa kwa kuwa sijawaomba ruhusa. Wewe waombe. La babu liandike lote, na la ukoo.

Daftari la alfajiri zile ulilisahau kwangu. Nimelikabidhi kwenye basi la leo, limefungwa kwenye mfuko pamoja na kilo mbili za dagaa alizotoa mama yako. Fungua ukurasa wenye doa la mafuta ya taa. Pale katikati, kwa mwandiko wa mtoto, imeandikwa 348.1, sekunde za bembea mia, na chini yake amechora maharage kumi.

Mjomba wako,
Kirumba, Mwanza