Kiko cha London, macho ya bwana afya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Majuzi mwandishi wako mmoja alituambia kuwa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na Willy Gamba, yule jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba. Kisha, kama mtu aliyekumbuka mwavuli akiwa ameshafika mlangoni, akaongeza kuwa kabla yake kulikuwa na Bwana Msa wa Zanzibar, mpelelezi mvuta kiko, ambaye eti ni nakala ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza. Basi, mstari mmoja. Mtunzi wake, mzee wa watu, kazikwa mara ya pili.

La hesabu nilimalize haraka. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, alimozaliwa Willy Gamba, ilitoka mwaka 1974. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, aliyemuumba Bwana Msa, ilikwishatoka 1960, baada ya kushika nafasi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Na katikati hapo kuna riwaya nyingine ya upelelezi, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, 1965. Simpunguzii Musiba hata chembe. Nilimsoma kwa tochi ndani ya chandarua, na ni yeye aliyenitoa Dar es Salaam akanifikisha Nairobi na Kinshasa kwa bei ya kitabu. Lakini kaka ni kaka.

Kilichonichoma hasa ni hilo neno nakala.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo 1938 alianza kazi ya ukaguzi katika Idara ya Afya ya Zanzibar, akadumu nayo kiasi cha miaka kumi. Kwa lugha yetu ya mtaani, alikuwa bwana afya. Wanaoandika habari zake hupita hapo mbio mbio kuwahi uandishi wake wa magazeti na vitabu. Mimi siwezi kupita mbio, maana kazi hiyo ndiyo niliyostaafu nayo.

Mgeni wa kawaida, Mhariri, huishia barazani. Hupewa kahawa na maneno mazuri, akaenda zake. Bwana afya akibisha hodi hupelekwa uani. Hufunua mtungi, huinamia pipa la maji ya mvua kutafuta viluwiluwi vya mbu, huhesabu hatua kutoka kisimani hadi chooni. Huambiwa nyumba ina watu wanne, naye kaona mikeka saba imeanikwa juani. Hasemi kitu, anaandika tu. Siku moja, katika mtaa mmoja wa hapa Tanga, mama mmoja aliniapia kuwa mumewe yuko safarini huu mwezi wa tatu. Kwenye kamba, mbele ya pua zetu, msuli uliofuliwa ulikuwa bado unachuruzika maji. Nilikagua karo, nikatia saini, nikaaga. Haikuwa kazi yangu. Ingekuwa kazi ya Bwana Msa, na nina hakika aliyemuumba aliona misuli mingi ya namna hiyo katika miaka yake kumi.

Vitabu vyenyewe vinashuhudia. Fumbo la Bwana Msa mara nyingi limejificha ndani ya nasaba: nani mtoto wa nani, nani kamwoa nani kwa siri, nani hajui baba yake. Tazama hata jina la kitabu kama Mke Mmoja Waume Watatu (1975). Hizo ni habari za uani. Huzipati barazani hata ukae mpaka isha.

Na ule mzimu wenyewe wa kitabu cha 1960. Bwana Ali anakutwa ameuawa mzimuni, pahala ambapo watu wanapaogopa, na jibu la wengi liko tayari kabla ya swali kuulizwa. Bwana Msa halipokei. Hamtukani mtu kwa imani yake, ila anataka kuona. Kila bwana afya anaijua hali hiyo. Homa ya matumbo imeingia kijijini, na hujafungua hata mkoba umeshaambiwa kuwa hao ni mashetani wa mto. Hubishani. Unaomba uonyeshwe wanakochota maji.

Sasa turudi kwa Holmes. Kiko, nakubali, kimetoka London. Na Najum, yule rafiki anayeuliza maswali tuliyotaka kuuliza sisi, ni Watson, mwandani wa Holmes, wa Kiunguja, halina ubishi. Lakini mwandishi wako angefukua kidogo angekuta jambo tamu zaidi. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, mwenyewe alikuwa daktari. Holmes alimchonga kwa kumtazama mwalimu wake wa Edinburgh, Joseph Bell, aliyeweza kumwangalia mgonjwa akamtajia kazi yake na alikotoka kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Kwa hiyo mpelelezi wa Uingereza katoka wodini, wa kwetu katoka uani, na wote wawili wametoka afya. Huko si kunakili. Ni wana wa fani moja waliokutana njiani, mmoja akamwazima mwenzake kiko.

Baada ya afya Abdulla akaingia magazetini: mhariri wa Zanzibari mwaka 1948, kisha mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Anayeijua siasa ya Unguja ya wakati ule atatoa macho, kwa sababu Al-Falaq lilikuwa la Jumuiya ya Waarabu na Afrika Kwetu lilikuwa la upande wa Jumuiya ya Waafrika. Mtu mmoja kukaa kwenye meza zote hizo si mchezo. Tangu 1958 hadi alipostaafu 1968 akahariri Mkulima, gazeti la kilimo. Wewe ni mhariri, unaelewa maana yake. Mwenye karafuu zake uwanjani, na mvua inanukia, hana subira ya kuzungushwa. Nasikia shule hiyo katika kila mazungumzo ya vitabu vyake, kile Kiunguja chepesi kisichojipandisha jukwaani. Kisima cha Giningi kikatoka mwaka huohuo alioiacha kazi, 1968. Kumbuka kuwa Wazanzibari wengi walikuzwa wakitishwa na Giningi, makazi ya wachawi. Mzee kamtuma mtu mwenye kiko akachungulie kisima.

Hakuwa bila dosari. Sadfa humjia pale anapozihitaji, na Bwana Msa akianza kueleza alivyogundua, hata mimi ninayempenda hutamani Najum amkatize. Nimsifie kwa haki. Alifariki 1991.

Baada ya kumsoma mwandishi wako nilikwenda kutafuta Mzimu wa Watu wa Kale nijikumbushe. Maduka mawili ya vitabu yalinipa vitabu vya namna ya kuwa tajiri. Hatimaye niliipata kwa kijana mmoja aliyetandika turubai kando ya stendi, katikati ya kamusi na majarida ya mitindo ya nywele. Jalada limeshikwa na selotepu. Pembeni mwa ukurasa mmoja mtu kaandika deni la maziwa, akalikata kwa wino mwekundu. Nikailipia kwa furaha, nikafika nyumbani, nikasoma usiku kucha, na alfajiri nikagundua kuwa kurasa za mwisho zimenyofolewa.

Niliisoma mara ya mwisho nikiwa kijana, na umri huu umenipokonya mengi. Nimewauliza wazee wenzangu watatu pale barazani ni nani aliyemuua Bwana Ali. Wamenitajia watu watatu mbalimbali, na mmoja wao aliapa.

Mwandishi wako, kama kweli amekisoma anachokiita nakala, bila shaka anayo yenye kurasa zote. Namwomba aniandikie kupitia kwako. Anitajie jina la muuaji tu. Sababu zake nitazitafuta mwenyewe.

Bwana afya mstaafu,
Tanga