Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lubumbashi

Ba papa na ba mama, ndugu wanachama,

Kamati imeniagiza niwasomee taarifa ya mwaka 2024 kabla hatujaingia kwenye hesabu na uchaguzi. Hesabu ni kazi ya mweka hazina, nami sitazigusa ila pale zinapohusu lile tanki la pamoja la akiba ya mafuta tunalolipanga. Mambo ya kawaida nayapitia mbio: michango imeingia kwa kuchelewa kama kila mwaka, tumepokea wanachama wapya, wengi wao wenye mashine za kusaga unga wa Katuba na Ruashi, na ule mvutano wa kodi ya ofisi umekwisha. Yaliyobaki yote ni mafuta.

Chama hiki kina pande mbili, na asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini vikao vyetu ni virefu. Wako wenye vituo na depo, ambao wanauza. Wako wenye malori, wenye mashine, wenye zahanati na vyumba vya baridi, ambao wanachoma. Mazuti, yaani dizeli, yakipatikana, pande hizi mbili husalimiana na kucheka. Yakiadimika, muuzaji anaitwa mfichaji, na mnunuzi anaitwa mtu asiyelipa madeni. Mwaka huu tumeitana hivyo tena, hasa mwezi wa Agosti.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Serikali yetu ilizuia bia na vinywaji baridi kuingia kutoka nje, upande wetu wa mpaka watu wakaandamana, na Zambia ikafunga mpaka, Kasumbalesa pamoja na Mokambo na Sakania. Baada ya siku chache wakubwa wakaelewana, mageti yakafunguliwa. Mzozo ulikuwa wa soda, ila gari la mazuti nalo lilisimama kwenye foleni ile ile ya gari la soda. Mjini bei ya makadafi, wale wauza mafuta wa barabarani, ilipanda kabla depo hata moja haijakauka. Manseba, waendesha pikipiki za abiria, walipandisha nauli siku hiyo hiyo, na mpaka ulipofunguliwa nauli haikufanya haraka kushuka.

Ningependa tulitazame jambo hili vizuri, maana wengi wetu bado tunadhani adui ni bei ya dunia. Mwaka 2024 bei ya dunia haikutusumbua sana. Pipa la Brent, mafuta ghafi yanayopimia bei ya dunia, lilizunguka kwenye dola 80 kwa wastani, na Desemba lilikuwa chini ya 75. Nchi za OPEC, umoja wa wauzaji wa mafuta, na wenzao, Urusi ikiwemo, ziliendelea kubana uzalishaji wao, na mwanzoni mwa Desemba wakaahirisha tena kuufungulia, hadi Aprili 2025. Kwetu hayo yalisikika kama mvua ya mji mwingine. Kilichotubana ni barabara, na ukimya kati yetu wenyewe.

Kwa barabara tumezoea kujisifu kwamba Katanga ina bandari tatu: Dar es Salaam, Beira na Walvis Bay. Zihesabuni kwenye ramani. Gari la Dar linasafiri karibu kilomita 2,000, linavuka Tunduma na Nakonde. Gari la Beira kwa kawaida linapita Zimbabwe na kuvuka Chirundu. La Walvis Bay linapanda kwa Katima Mulilo. Yote matatu yanakutana Zambia, na yote matatu yanatuingilia kwa mpaka ule ule. Bandari ni tatu, mlango ni mmoja. Aliyenunua Beira ili kujikinga na matatizo ya Dar amejikinga na matatizo ya Dar tu.

Jirani zetu Wazambia waliyajua haya kabla yetu. Novemba 1965 Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, ilijitangazia uhuru wake, na mwezi uliofuata mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia huko yakakatika. Waingereza, Wamarekani na Wakanada wakaanza kuyabeba kwa ndege, na sehemu ya mzigo huo ilipita hapa kwetu: mapipa yalipakiwa Léopoldville, yakashushwa Elisabethville, yaani mji huu, kisha yakaendelea hadi Zambia. Wazee wachache bado wanayakumbuka mapipa yale. Kubeba mafuta kwa ndege ni anasa ya kukata tamaa. Zambia na Tanzania hazikungoja kila kitu kiwe sawa. Mwaka 1968 bomba la Tazama lilikuwa limekwisha kujengwa, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia ikiwa na theluthi mbili ya hisa na Tanzania theluthi moja. Bomba hilo bado linafanya kazi, na siku hizi linapitisha mazuti yaliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi. Ndola hapo si mbali na Sakania. Nimewahi kusema na nitarudia: serikali yetu ingekaa na Lusaka na Dar kuzungumzia nafasi yetu kwenye Ndola ile, tungepata kitu kuliko kwenye hotuba nyingi za ushirikiano.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tunahangaika na bomba la wengine wakati Kongo ina mafuta yake. Ni kweli tunayo. Muanda, kule Kongo Central, hutoa mapipa kama 20,000 hivi kwa siku, na nchi yetu ni mwanachama wa jumuiya ya wazalishaji wa mafuta wa Afrika, yenye makao Brazzaville. Lakini mafuta yale hutoka yakiwa ghafi na kupanda meli. Kiwanda cha kusafisha cha pwani kimeacha kusafisha kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunakaa kwenye kiti cha wauzaji, na kila lita ya esansi, yaani petroli, tunayochoma tunainunua kwa watu. Ule mnada wa vitalu 27 vya mafuta uliofunguliwa Julai 2022 kwa kishindo, serikali iliufuta Oktoba mwaka huu. Hata ungefaulu, kisima kipya kisingeleta mazuti Lubumbashi. Angola mwaka huu imechimba zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku, na sehemu kubwa ya mafuta yaliyosafishwa bado inayanunua nje, maana kiwanda cha Luanda ni kidogo na kile cha Lobito bado kinajengwa.

Nimeitaja Lobito, basi niimalize. Tarehe 4 Desemba Rais Biden wa Marekani alikuwa Lobito pamoja na Rais Lourenço wa Angola, Rais wetu Tshisekedi, Rais Hichilema wa Zambia na Makamu wa Rais wa Tanzania. Reli inayotoka bandari hiyo ya Angola inaweza kuwa mlango wetu wa pili wa kweli, kwa sababu inaingia kwa Dilolo na kufika Kolwezi bila kugusa Zambia. Mimi sijapiga makofi bado. Reli yetu kuanzia Dilolo inajulikana ilivyochoka, na mradi mzima umepangwa kwa ajili ya shaba na kobalti kutoka. Swali letu liwe la mizigo ya kurudi. Mabehewa yanashusha shaba baharini na mengine yanarudi na salfa ya viwanda vya migodi. Mbona yasirudi pia na matanki ya mazuti? Kamati imeiandikia wizara husika juu ya hilo. Jibu tukipata tutawasomea.

Sasa nije kwenye ukimya wetu, ambao ndio uliokula muda mwingi wa kamati.

Dunia nayo iliwahi kuishi kama sisi. Wauzaji walikuwa na nyumba yao, OPEC, iliyoanzishwa Baghdad mwaka 1960. Wanunuzi wakubwa walijenga yao, Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 1974, baada ya Waarabu kuwafungia mafuta na bei kupanda karibu mara nne. Shirika hilo likawawekea wanachama wake sharti la kuweka akiba ya siku 90 za mafuta wanayoagiza. Nyumba mbili, kila moja ikimwona mwenzake mwizi. Ilibidi Irak iivamie Kuwait mwaka 1990 ndipo Ufaransa na Venezuela ziwaite mawaziri wa pande zote Paris, mwaka 1991, wakae chumba kimoja. Mikutano hiyo ndiyo iliyozaa Jukwaa la Kimataifa la Nishati, lenye ofisi yake Riyadh hadi leo. Halipangi bei na halimlazimishi mtu kuuza, na wapo wanaolicheka kwa sababu hiyo. Mimi naliheshimu kwa jambo moja: takwimu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 bei ilianguka kisha ikaruka, na hakuna aliyekuwa na hakika mafuta kiasi gani yapo wapi. Mwaka 2001 mashirika sita, OPEC na lile la wanunuzi yakiwemo, yakakubaliana kukusanya kila mwezi hesabu za nchi: umechimba ngapi, umechoma ngapi, stoki imebaki ngapi. Ndiyo kazi inayojulikana kama JODI, na leo zaidi ya nchi 90 zinaleta hesabu zake huko. Saudi Arabia, muuzaji mkubwa kuliko wote, inatoa hesabu zake zikasomwa na mteja wake.

Mwanachama wetu mwenye matanki mawili anakataa.

Nasema hivyo bila kumtaja mtu. Fomu yetu ya stoki ilianza Machi. Ni karatasi moja: uliingiza lita ngapi, uliuza ngapi, zimebaki ngapi, gari lako linalofuata liko wapi njiani. Wachache waliijaza kwa uaminifu. Wengine waliandika namba ile ile kila mwezi, hata mtoto angeshtuka. Wengi hawakuirudisha. Sababu walizotoa nimezisikiliza, na si za kipuuzi. Wa kwanza anaogopa karatasi itafika kwa watu wa ushuru. Wa pili anaogopa jirani yake akijua tanki lake limekauka atamchukulia wateja. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye hoja ngumu, anasema bei ya pampu inapangwa na serikali kwa kanda, sisi tukiwa kanda ya Kusini, na bei hiyo ikibaki chini ya gharama ya kuleta, pengo linajazwa na serikali baadaye, tena kwa kuchelewa. Muuzaji mwenye pesa zilizokwama ana sababu ya kupunguza gari linalofuata. Mkijua ana lita ngapi mtamlazimisha aziuze zote leo kwa hasara.

Kwa hiyo kamati imebadilisha fomu. Jina la mwanachama halitaandikwa, kutakuwa na namba tu, na katibu peke yake ndiye atakayejua namba ni ya nani. Wanachama watasomewa jumla ya mji, hawatasomewa hesabu ya kituo. Na wanunuzi nao watajaza: wanahitaji lita ngapi mwezi ujao, na wamebakiza deni kiasi gani. Hili la mwisho liliombwa na wauzaji, na nimeliunga mkono. Anayetaka kuona tanki la mwenzake na aonyeshe daftari lake.

Mapatano nayo yana aina zake. Wamo wanachama waliopendekeza serikali yetu ifanye kama Kenya, ambayo tangu 2023 inachukua mafuta kwa kampuni za serikali za Saudi Arabia na Imarati na kulipa baada ya siku 180. Kenya ilipata nafuu ya kutotafuta dola nyingi kwa mara moja. Lakini Uganda, iliyokuwa nyuma yake kwenye barabara hiyo hiyo, ililalamika kwamba gharama zimezidi mikononi mwa madalali, ikaamua kuagiza kupitia kampuni yake ya taifa, na mwaka huu imeanza. Sisi tuko mahali pa Uganda, tena mbali zaidi na bahari. Kila mapatano yakifanyika pwani, swali letu la kwanza liwe ni nani amekaa pale kwa niaba ya walio nyuma.

Tanki la pamoja. Mkutano uliopita ulikubali wazo, na pesa zilizochangwa ziko benki bila kuguswa. Hazitoshi. Ukame wa Zambia umepunguza maji ya bwawa la Kariba na umeme wa nchi ile, na sisi ambao hata siku za kawaida tunakatiwa umeme tumewasha grupu, yaani jenereta, muda mrefu zaidi, kwa hiyo aliyepanga kuchangia alinunua mazuti badala yake. Simlaumu. Wazee wanasema akiba haiozi, ingawa mazuti yanaoza, hasa yakikaa kwenye tanki lenye maji chini. Ndiyo maana kamati inapendekeza tanki lisiwe la kufungwa na kungojea vita. Litazungushwa: zahanati na mashine za kusaga zitachota kila mwezi na kulipa, wenye depo watajazia kwa zamu kwa bei ya siku ile, na kiwango cha chini hakitaguswa ila mpaka ukifungwa. Kiwango hicho ndicho mtakachokipigia kura leo. Wenye malori wanataka kiwe juu, wenye depo wanataka kiwe chini, na kamati yenyewe imegawanyika, kwa hiyo sileti pendekezo la namba.

Fomu mpya ziko mezani kwa katibu, upande wa mlango, pamoja na orodha ya wagombea. Nafasi ya makamu mwenyekiti bado ina jina moja tu. Anayetaka kuongeza la pili aliandike kabla mweka hazina hajamaliza kusoma.