Kaka, kile kicheko cha "samba"

Kaka,

Nakuandikia hadharani kwa sababu kicheko chenyewe kilikuwa hadharani, na siku ile sikuthubutu kukukatiza mbele ya wageni. Wewe ni mkubwa wangu. Nivumilie.

Unaikumbuka Jumapili ile kwa Mama, mtaani Umoja, hapa Nairobi. Shemeji wa Mombasa hakuwa amemaliza hata kikombe cha kwanza cha chai alipouliza kama tumewahi kuporwa, akauita mji wetu "Nairobbery", yaani Nairobi ya uporaji. Uso wako ulibadilika. Ulimwambia mtu hali chakula cha watu huku akiitukana nyumba yao. Ukamweleza kwamba jina letu tulipewa na Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi, na kwamba mji ulianza kama kambi ya reli mwaka 1899 ukalea watu wa kila kabila. Ulisema vizuri, kaka.

Mimi jina hilo haliniumi. Nimenyakuliwa simu dirishani mwa matatu pale Muthurwa, watu wakitazama, kwa hiyo najua lilikotoka. Lilishika miaka ya 90, na wanaolitumia zaidi ni sisi wenyewe, sawa na "shamba la mawe" na hili la vijana, "Kanairo". Akilisema mtu wa nje linakera kidogo, nakubali, maana yeye kesho anapanda basi lake na kutuachia wezi wetu. Lakini mji una mamilioni ya watu wa kugawana hilo jina. Halimwangukii mmoja peke yake.

Kilichoniuma kilikuja baadaye. Jirani yetu, yule mama Mjaluo anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliweka sahani chini akamwambia shemeji, "Hii Nairobi ni samba la mawe, lakini limenisomesea watoto wanne."

Ukadakia papo hapo. "Samba! Samba la mawe!" Ukarudia mara tatu, ukiivuta sauti, na sote tukaangua kicheko. Nami nilicheka, na najuta.

Alitabasamu. Akakinyoosha kitenge magotini kana kwamba kina mkunjo, na hakusema neno jingine mpaka alipoaga. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye watoto wanne. Hakuna aliyemuuliza wako wapi sasa, wala aliilipaje karo kwa omena ya kupima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Wewe ulikuwa umeutetea mji kwa tarehe na majina. Yeye alikuwa anautetea kwa maisha yake, na ukamnyamazisha.

Alitaka kusema "shamba"; Kijaluo hakina sauti ya "sh", basi. Kikwetu nacho hakina "l", na wewe mwenyewe ukipandwa na hasira, "lakini" yako hugeuka "rakini". Mama hadi leo husema "rori". Umesahau kwa nini aliacha kusoma hesabu kwenye chama? Kuna mtu alimwigiza alivyosema "kura" na "kula", na jioni hiyo ulitaka kwenda kumpiga.

Utasema ni utani tu. Lakini utani huwa wa kurudishiana. Mcheke shemeji na lafudhi yake ya pwani, naye atakicheka Kiswahili chako cha bara hadi alfajiri; nyinyi mnawezana. Mama mtu mzima, aliyealikwa chai, mbele ya watu asiowajua, angekujibu nini?

Tena mimi siwezi kusahau mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, Mama alipotukataza kufungua mdomo ndani ya matatu, lafudhi isije ikatutaja kabla hatujajitaja. Nilikuwa mdogo, nikishika mkono wako. Ulinibana vidole kila nilipotaka kuuliza tumefika wapi. Tangu wakati huo, mtu akiigiza matamshi ya kabila la mwenzake, tumbo hunikaza, hata kama anayeigiza ni mtu nimpendaye.

Nimempigia simu kumwomba msamaha kwa upande wangu. Alisema, "Hakuna neno, mwanangu," upesi mno, kisha akaniuliza habari za Mama.

Alhamisi jioni nitapita kibandani kwake kuchukua omena. Nitakungoja pale stejini saa kumi na mbili. Ukifika, muulize habari za wale wanne, na umwache amalize.

Dadako mdogo