Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa kusoma DNA za bakteria wa maziwa

Wanachama wenzangu, habari zenu. Najua wengi mnasubiri hesabu, hizo anazo mhazini, mi niwape ya kazi.

Mwaka huu nguvu karibu yote imeenda kwenye kusoma jenomu (yaani DNA yote) za bakteria wa mtindi na jibini, wale tunaowasifia kwamba wanaondoa sumukuvu, yaani sumu za ukungu. Shida mnaijua, ng'ombe akila lishe yenye ukungu wa Aspergillus ile sumu yake, aflatoksini B1, ikifika kwenye ini inageuzwa M1 afu inatokea kwenye maziwa, na hapo hata uchemshe vipi haiishi.

Sasa kuna neno tumelizoea vibaya, eti bakteria "wanavunja" sumu. Wengi hawavunji! Lactobacillus rhamnosus GG (tangu 2020 anaitwa Lacticaseibacillus, mtazoea tu) anaikamata B1 kwenye ukuta wa seli yake, na ukimuua kwa moto bado anaikamata, sasa maiti inavunja nini? Tena iliyokamatwa inaweza kuachiwa kiasi. Kuvunja kunataka kimeng'enya (protini inayofanya kazi hiyo), na kimeng'enya kina jini yake, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kukitengeneza, ndo tunayoitafuta. Kwa histamini na tiramini, kemikali nyingine zenye madhara zinazojikusanya kwenye jibini, kuna matumaini zaidi, huko wapo bakteria wenye vimeng'enya vya shaba vinavyozivunja kweli. Ila kuona jini kwenye kompyuta sio kazi imeisha, lazima umtie kwenye maziwa umpime.

Aibu pia tulipata. Lactococcus lactis aliyesomwa 2001 ana herufi za DNA kama milioni 2.4, wa kwetu akatoka karibu mara mbili, tukashangilia tumepata kiumbe kipya, kumbe koloni (kundi la bakteria tulilolikuza) halikusafishwa vizuri, mle ndani wako bakteria wa aina mbili. Kosa letu wenyewe, tumerudia.

Lililoleta kelele ni plasimidi, vile vijipete vya DNA vinavyokaa pembeni ya DNA kuu ya bakteria. Mara nyingi ndo zinabeba jini za kula laktosi, lakini jini za kustahimili antibayotiki nazo zinaweza kukaa humo na kuhamia kwa bakteria wengine. Kamati imeamua bakteria wa hivyo haendi mbele hata awe hodari vipi kwa sumu, najua kuna walionuna, na mimi kwa hilo sirudi nyuma. Tatizo ukisoma DNA kwa vipande vifupi peke yake plasimidi zinatoka zimekatikakatika hujui kipi cha wapi, kwa hiyo mwaka ujao tunaomba kusoma na vipande virefu, na hapo ndo gharama inapanda, mhazini ashaanza kuniangalia vibaya, basi nimpishe.